Kumfunga mbwa kambini bila kumtia hatarini

Swali: Habari Daktari. Familia yangu ya watu wanne inapanga kupiga kambi kando ya Ziwa Naivasha likizo ya Agosti, na kwa mara ya kwanza tutakwenda na mbwa wetu, Bosco. Ni chotara dume wa miaka mitatu, kilo 35, mpole, ila hukimbiza chochote kinachokimbia. Hapa Thika huzurura ndani ya ua, kamba hajaizoea. Wenye kambi wamekubali aje mradi afungwe. Nimenunua mnyororo wa mita 5 na kigingi cha chuma cha kusokota ardhini. Je, vinatosha? Naweza kumfunga nje ya hema usiku atulinde? Na siku moja tukienda kuendesha baiskeli Hell's Gate, tunaweza kumwacha amefungwa kambini?

Jibu: Mnyororo uache Thika. Usiku Bosco alale ndani pamoja nanyi. Na siku ya baiskeli asibaki peke yake kambani, hata kwa saa mbili, hata jirani wa hema la pili akiahidi kumtupia jicho. Kumfunga mchana mkiwa pale pale naye hakuna ubaya wowote, na wenye kambi wana haki kulidai. Sasa nikueleze sababu, maana ukizielewa utaweza kuamua mwenyewe mambo ambayo hukuniuliza.

Wengi wanaofunga mbwa huwaza jambo moja tu: asitoroke. Mimi huwaza zaidi kitakachomfuata pale alipo. Ukimfunga mbwa umemnyima kinga yake kubwa, ambayo ni kukimbia, kwa hiyo kazi hiyo inakuwa yako. Chukua nyuki. Nyuki wetu wakichokozwa huvamia kwa wingi na kumfuata adui mbali. Mbwa aliye huru atachomwa mara kadhaa huku akitimka, na kwa kawaida atapona. Aliyefungwa atabaki pale pale akichomwa, na kila mwiba ulioingia unawaita wengine kwa harufu yake. Uliza mashambani kuhusu punda na mbuzi waliouawa na nyuki. Utasikia neno kamba karibu kila mara. Siafu nao ni vivyo hivyo. Msafara wa siafu haumkimbizi mtu, unapita tu, lakini mnyama asiyeweza kuondoka njiani mwao huingiwa puani, masikioni na machoni.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua mti, uangalie kwanza kuanzia juu. Tafuta mzinga, tafuta tundu kwenye shina, simama kimya kidogo usikilize. Nyuki wakiwemo, tafuteni mahali pengine, na jiko lisiwe chini yake pia, kwa sababu moshi unaweza kuwacharusha. Kisha tazama chini. Nyasi ndefu zifyekwe au ziepukwe: kifutu hakimbii akisikia hatua, hulala palepale akitegemea rangi yake imfiche, na mbwa anayezunguka eneo moja siku nzima hatimaye atamkanyaga. Kando ya Naivasha mtakuta migunga ile mirefu yenye gome la manjano. Kivuli chake ni kizuri, lakini matawi makavu huanguka na miiba yake, basi fagieni eneo lote atakalofikia.

Tuje kwenye vifaa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo mbwa wengi wanapoumia.

Mnyororo wa mita 5 una makosa mawili, urefu na ugumu. Hesabu yake ni hii. Mbwa wa kilo 35 akiona tumbili na kuchomoka, ndani ya mita chache anaweza kufikia mwendo wa mita 6 kwa sekunde. Kamba inayovutika kidogo ikimsimamisha ndani ya sentimita 20, itabeba nguvu inayokaribia uzito wa kilo 320. Mnyororo hauvutiki. Ukimsimamisha ndani ya sentimita 5, nguvu hiyo inakuwa mara nne zaidi, na yote inaishia mahali palipofungwa. Pakiwa shingoni, unazungumzia koromeo, pingili za uti wa mgongo na mishipa ya damu inayokwenda kichwani. Mfupishie nafasi ya kukimbia ili afikie nusu tu ya mwendo ule, na mshtuko unashuka hadi robo. Ndiyo maana nakushauri kamba ya mita 2, isizidi 3.

Kamba yenyewe iwe ya nailoni, unene wa milimita 10 hadi 12. Nailoni huvutika kiasi na haiozi upesi. Katani hutafunwa kwa urahisi, na zile kamba za plastiki zinazong'aa zinateleza, mafundo yake hulegea yenyewe. Kama Bosco ni mtafunaji, tumia waya wa chuma uliovishwa plastiki, mrefu vilevile mita 2, lakini upande wa mbwa uunganishe na kipande kifupi cha nailoni nene kinachovutika. Zile kamba zinazojikunja ndani ya kisanduku cha plastiki msije nazo kabisa. Uzi wake ni mwembamba, na ukijisokota kwenye mguu wa mtoto huku mbwa anakimbia, unakata ngozi.

Kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifua, ule unaopita kifuani na nyuma ya miguu ya mbele, na kiungo chake kiwe mgongoni. Nguvu inagawanyika kwenye kifua badala ya shingo. Kola ya shingoni aivae pia, ila kazi yake iwe kubeba kibao chenye namba yako ya simu tu. Ipimeni: vidole viwili vipite kati yake na shingo. Cheni ya kukaba, inayotumiwa na baadhi ya wafunzaji, haipaswi kuwa shingoni mwa mbwa aliyefungwa hata dakika moja. Akikwama itaendelea kukaza.

Kulabu ya springi iwe imara, na iwe na kiungo kinachozunguka, la sivyo kamba itajisokota kila anapogeuka mpaka imfupikie. Upande wa mti tumia fundo linalofunguka kwa kuvuta ncha moja, kwa sababu kulabu iliyovutwa na kilo 35 zilizojaa hofu haifunguki kwa urahisi. Kisu kikali kiwe mahali ambapo wewe na mama watoto mnapajua bila kutafuta.

Kigingi cha kusokota nacho sikipendi Naivasha. Udongo wa bonde lile umetokana na majivu ya volkano na mchanga wa ziwa, ni mwepesi, na mvua ikinyesha kidogo kigingi kinalegea bila wewe kujua. Kikichomoka, mbwa anakimbia akiburuta kipande cha chuma kinachomgonga miguu na kumzidishia hofu, na kinaweza kumpata mtoto njiani. Kwa sababu hiyohiyo usimfunge kwenye kiti, meza, kisanduku cha vinywaji wala nguzo ya hema. Gari linafaa, kwenye ile pete ya kuvutia iliyo chini ya bampa, kwa sharti moja: funguo za gari zining'inie kwenye kulabu ya mbwa. Atakayetaka kwenda dukani itambidi amfungue mbwa kwanza.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni kamba ya juu. Tafuta miti miwili iliyoachana mita 6 hadi 8, funga kati yake kamba nene iliyokazwa vizuri, kimo cha mita 2 hivi ili watu wapite chini bila kugonga kichwa. Pale inapokumbatia shina tumia mshipi mpana, kama ile ya kufungia mizigo, ili gome lisijeruhiwe. Pitisha pete ya chuma inayoteleza, kisha kamba ya mbwa ishuke kutoka kwenye pete hiyo. Bosco anatembea huku na huko, kamba haimfungi miguu kwa kuwa inatoka juu, na kamba ya juu inanesa kidogo akivuta. Piga fundo nene mita 2 na nusu kabla ya kila mti, pete isivuke hapo, la sivyo atauzunguka mti na kunaswa. Kamba inayoshuka iwe na urefu wa kumwezesha kulala chini kwa raha, basi. Ikizidi sana, miguu itaingia ndani yake.

Mkishamaliza, usiamini macho. Shika mwisho wa kamba, ivute mpaka ikaze, utembee ukingo wote atakaoweza kufika, ukiongeza mita moja kwa ajili ya mwili wake. Ndani ya eneo hilo kusiwe na jiko, sufuria, kamba za hema, wala kitu anachoweza kupanda au kuruka. Hili la kuruka watu hulisahau. Mbwa aliyefungwa akiruka gogo, ukuta mdogo au ubao wa nyuma wa pikapu, na kamba ikaishia njiani, ananing'inia. Kambi nyingi za pale zina uzio wa umeme upande wa ziwa, na huo pia uwe mbali naye. Akipigwa na umeme huku hawezi kurudi nyuma, atavuta hadi ajiumize.

Ukingo huo huo uwekee alama ya mawe, watoto wauone. Mbwa wako ni mpole, nakuamini, lakini mbwa aliyefungwa hana njia ya kuondoka akibanwa na watoto asiowajua, na asiyeweza kuondoka hutumia meno. Utafiti uliofanywa Denver, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1994, uliwalinganisha mbwa waliouma na wasiouma. Waliouma walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, karibu mara tatu, wa kuwa wa kufungwa mnyororo uani. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba mnyororo ndio sababu, huenda wakali ndio hufungwa zaidi, lakini unatosha kunifanya nisimruhusu mtoto wa jirani kuingia ndani ya duara bila mtu mzima. Mwambie kila familia mtakayopakana nayo siku ya kwanza, kabla mpira wa watoto haujabingirika hadi kwake.

Chakula nacho. Mkichoma nyama, atafikiwa na mifupa na vijiti. Mkichoma mahindi, okota magunzi yote. Kipande cha gunzi hakiyeyuki tumboni, kinaziba utumbo, na mara nyingi kukitoa ni upasuaji. Wamiliki hushangaa ninapowaambia, kwa sababu mfupa wanauogopa lakini gunzi hawalifikirii.

Jua la Naivasha linadanganya kwa kuwa upepo ni baridi. Mji ule uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hewa ya asubuhi inachoma masikio, kisha saa sita kivuli ulichomfungia saa tatu kimeshahama. Mbwa huru angehama nacho. Wako atahamishwa na wewe, au uchague mahali penye kivuli pande zote. Bakuli la maji lifukieni nusu yake ardhini, maana kamba italipindua ndani ya saa ya kwanza. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39. Ukimwona anahema kwa nguvu bila kutulia, ulimi umekuwa mwekundu sana, mate mazito, anayumba, hiyo ni dharura. Mtoe juani, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepeeni, na safari ya kwa daktari ianze huku mkiendelea kumpoza. Msisubiri apate nafuu kwanza.

Sasa usiku. Najua fikra ya mbwa mlinzi imetukaa, na nyumbani penye ukuta na geti ina maana yake. Kando ya ziwa hali ni nyingine. Viboko hushinda majini na jua likizama hupanda nchi kavu kula majani, wakipita njia zao zilezile kila usiku. Kiboko anayebwekewa na mbwa asiyekimbia hana sababu ya kumwogopa. Chui naye humhesabu mbwa kuwa windo, wafugaji wanalijua hilo vizuri, na sauti ya mbwa mmoja akibweka mahali pamoja usiku kucha inamwonyesha pa kwenda. Fisi ni hivyo hivyo. Uzio wa kambi husaidia, lakini kwa kiumbe nisiyeweza kumpa nafasi ya pili, siuwekei uzio imani yote. Tena usiku wa Agosti pale unaweza kushuka hadi karibu nyuzi 10.

Bosco alale ndani ya hema, juu ya blanketi lake, na mkanda wa kifua ukiwa bado mwilini. Kamba fupi ifungwe kwenye begi zito lililo ndani, kwa sababu mbwa akisikia kitu nje anaweza kusukuma zipu kwa pua na kutoka. Usiifunge mkononi mwako. Kama hema ni dogo, gari linafaa usiku, vioo vikiachwa wazi kiasi cha vidole vitatu, bila kamba yoyote ndani. Alfajiri atolewe kabla jua halijaligonga gari. Na mtakapomtoa usiku kujisaidia, iwe kwa kamba mkononi, tochi mbele, na karibu na hema.

Kuhusu Hell's Gate. Huwezi kuingia naye, kwa kuwa ni hifadhi ya taifa na Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) haliruhusu wanyama wa kufugwa ndani ya hifadhi zake. Mlima Longonot nao ni hifadhi, mkiufikiria. Baadhi ya watu huona katazo hili ni ukali wa bure. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa unaoambukiza, viliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti, simba wapatao 1,000, na chanzo kinachoaminika ni mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Bosco akichomoka akaingia huko, hatari si yake peke yake.

Basi gawaneni. Wewe na mtoto mmoja mwende asubuhi, mama na mwingine wabaki na mbwa. Siku inayofuata mbadilishane. Ama mama yao au wewe ubaki siku nzima, au Bosco abaki Thika na mtu anayemjua na chakula chake. Njia ya nne, ya kumwacha kambani peke yake, sitakupa ruhusa yake. Kila nilichokueleza hapo juu, kuanzia nyuki hadi kivuli kinachohama, kinategemea kuwepo kwa mtu wa kumfungua. Kwa wasomaji mlioko Marekani, kanuni za hifadhi za taifa za huko zinasema hivyo hivyo kisheria: kamba isizidi futi 6, yaani mita 1.8, na ni kosa kumwacha mnyama amefungwa kwenye kitu bila mtu kuwepo, isipokuwa mahali palipotengwa.

Mna wiki kadhaa mbele yenu, na hizo ndizo za kumfundisha. Mbwa anayefungwa kwa mara ya kwanza siku ya safari, mahali pageni, mbele ya tumbili, atahangaika mpaka ajichubue. Anza leo na mkanda wa kifua peke yake, wakati wa kula, akauhusishe na jambo zuri. Akishauzoea, mfunge uani dakika tano ukiwa umekaa karibu naye, mpe kitu cha kutafuna, mfungue akiwa ametulia, kamwe si wakati analia. Ukimfungua analia umemfundisha kwamba kulia kunafungua kamba. Ongezeni muda kidogo kidogo hadi saa nzima. Mfundishe pia kwamba kamba ikikaza, kurudi hatua moja kunailegeza: simama, subiri, akirudi mpe kipande cha nyama. Na kila siku, kabla ya kufungwa, atembezwe au akimbizwe hadi achoke. Kambini fanyeni hivyo hivyo kila asubuhi kwa kamba mkononi. Mbwa aliyechoka hulala chini ya kivuli. Asiyechoka hutafuta cha kufanya, na anachokipata kwanza ni kamba. Ikifika wiki ya mwisho bado anahangaika kambani hata uani kwenu, mwacheni nyumbani safari hii.

Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe haijapitwa na wakati, na kadi yake mwende nayo, pamoja na chanjo ya distempa. Dawa ya kupe apewe kabla ya safari, na kila jioni mmkague ndani ya masikio, kwapani na katikati ya vidole. Akimuuma mtu, au mtu akiumwa na mbwa mgeni, jeraha la mtu lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama kadi ya chanjo iko mfukoni.

Na akichomoka licha ya yote, msimkimbize, ataona ni mchezo au atazidi kuogopa. Mmoja wenu abaki pale alipofungwa, akae chini, aweke blanketi lake na nguo uliyoivaa, amwite kwa sauti ya kawaida ya wakati wa chakula. Mwingine awajulishe walinzi wa kambi mara moja, kwa sababu wao wanajua njia za viboko na nyinyi hamzijui. Namba yao, na ya daktari wa mifugo aliye Naivasha mjini, ziwe kwenye simu zenu zote mbili kabla hamjatoka Thika.